Bogenvilia, alamanda au mwasumini: mmea upi utakufaa barazani Mombasa

Kabla hujaenda kuchagua mche, chota maji utakayomwagilia uyaonje. Maji ya mji wa Mombasa huletwa kutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na yakikatika nyumba nyingi hurudi kisimani. Visima vya kisiwani na vya kandokando ya bahari mara nyingi vina munyu. Munyu ambao mtu ameshauzoea kwa kuoshea vyombo na kupigia deki ndio unaoua alamanda polepole ndani ya chungu, na ndio ambao bogenvilia huuvumilia kwa kiasi. Anayeanza na rangi ya ua akayasahau maji hurudi kwa muuza miche baada ya miezi michache kuulizia dawa ya majani yaliyoungua ncha, na dawa hiyo haiuzwi popote.

Tumeichagua mimea hii mitatu kwa sababu yote hukubali kukaa chunguni, yote hustahimili joto letu, na huna haja ya kuitafuta mbali. Zaidi ya hapo haina undugu. Bogenvilia yataka jua na kiu. Alamanda yataka jua, maji na chakula bila kukatizwa. Mwasumini wataka jua la kiasi, maji ya kiasi, na mtu wa kuchuma maua yake jioni.

| | Bogenvilia | Alamanda | Mwasumini |
|---|---|---|---|
| Jua la moja kwa moja kwa siku | muda wa saa 6 au zaidi | saa 5 hadi 6 | saa 4, la asubuhi latosha |
| Chungu cha kudumu | lita 20 hadi 40 | lita 40 | lita 20 |
| Maji wakati wa kaskazi | lita 5 kila siku ya tatu au ya nne | lita 3 hadi 4 kila siku | lita 2 kila siku ya pili |
| Maji yenye munyu kidogo | huvumilia | hapana | kwa shida |
| Maua | kwa mawimbi, kisha hupumzika | karibu mfululizo | kwa mawimbi, hufunguka usiku |
| Hatari | miiba | utomvu wenye sumu | hakuna |

Vipimo hivyo vya maji ni vya Januari na Februari, jua likiwa kali. Masika yakiingia, na hasa mwezi wa Mei ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi hapa, bogenvilia iliyo nje ya paa haihitaji hata tone kutoka kwako.

Jua lako liko upande gani

Hapa ndipo wengi hukosea, maana hupima jua siku moja tu. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba hulemea kaskazini, na miezi iliyobaki hulemea kusini. Chukua baraza linaloelekea kaskazini, ukingo wa paa lake ukiwa mita 2.5 kutoka sakafuni. Mwezi wa Juni, jua la saa sita na nusu mchana huingia ndani kama mita 1.3. Mwezi wa Desemba haliingii kabisa. Baraza la kusini ni kinyume: Desemba jua huingia kama sentimita 90, na Juni hakuna kitu. Bogenvilia iliyowekwa ukutani nyuma ya baraza la aina hiyo itachanua nusu ya mwaka, na nusu ya pili itarefusha matawi ya kijani yasiyo na ua hata moja. Mwenyewe atadhani mbolea imekwisha.

Baraza la mashariki na la magharibi hayabadiliki sana. La mashariki hupata jua laini tangu asubuhi hadi karibu adhuhuri, na hapo mwasumini hukaa vizuri kuliko mahali pengine popote. La magharibi hupigwa na jua la alasiri, na ukuta hubaki na joto hadi usiku. Hapo usibishane, weka bogenvilia.

Namna rahisi ya kupima: simama pale chungu kitakapokaa, tandaza kiganja sentimita 30 juu ya sakafu, utazame kivuli chake kila saa tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Hesabu saa ambazo kivuli kina kingo kali. Kivuli chenye kingo zilizofifia usikihesabu. Rudia baada ya miezi mitatu ikiwa huna haraka. Ikiwa unayo, tumia hesabu ya kaskazini na kusini tuliyoitoa. Roshani nyingi za Mji wa Kale, kwa wembamba wa njia, hupata jua kwa muda mfupi tu. Huko ni afadhali kupandisha mwasumini juu ya paa la zege kuliko kuusonga kwenye roshani yenye kivuli.

Bogenvilia: mmea unaoharibiwa kwa huruma

Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina limetokana na nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake uliikuta Brazili mwaka 1767. Kile tunachokiita ua lake ni majani matatu yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe kilicho katikati. Ni jambo la kujua, kwa sababu majani hayo hubaki na rangi wiki kadhaa hata maua yenyewe yakishanyauka, na ndiyo maana bogenvilia moja huonekana imechanua kwa muda mrefu kuliko mimea mingine.

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, ufupi wa mchana huisaidia kuchanua. Hapa kwetu tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haifiki hata nusu saa, kwa hiyo kinachoiamsha ni kiu. Ukimwagilia kila siku kwa kuihurumia, itakulipa kwa majani. Fanya hivi: wimbi la maua likiisha, kata ncha za matawi yote kwa sentimita 10 hadi 15, na yale matawi manene yanayopaa wima kutoka shinani uyaondoe kabisa. Mwagilia kama kawaida wiki mbili au tatu hadi vichipukizi vipya vitoke, maana maua huja kwenye vichipukizi hivyo tu. Kisha acha maji mpaka majani yaanze kulegea, si kukauka. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, uache tena. Mizunguko miwili au mitatu ya namna hii hutosha, na rangi huanza kuonekana kati ya wiki 3 na 6. Aliye chini ya paa anaweza kufanya hivi hata wakati wa mvua. Aliye nje angoje.

Chungu kikubwa mno ni kosa jingine. Mizizi ikipata nafasi tele, mmea hujishughulisha na matawi. Anza na lita 10, upande hadi 20, na lita 40 iwe ndiyo mwisho. Unapohamisha, usitikise udongo na usivute shina: mizizi ya bogenvilia ni dhaifu na hukatika kama uzi uliooza. Pasua mfuko wa mche kwa kisu, ubebe donge zima.

Aina ya *glabra*, yenye majani laini na miiba mifupi, hukubali chungu kuliko *spectabilis*, yenye majani ya manyoya na miiba mirefu iliyopinda. Ukipapasa jani utaitambua. Kwa baraza dogo linalopitwa na watoto, *spectabilis* hatuipendekezi.

Kero zake mbili: majani ya rangi yakikauka huwa mepesi kama karatasi, upepo huyapeleka kwenye mifereji ya paa na matundu ya sakafu, na masika yakifika mfereji umeziba. Fagia kabla ya Aprili. Ya pili ni majani yaliyotafunwa pembeni kama meno ya msumeno wakati mchana huoni mdudu. Toka na tochi usiku, mara nyingi utakuta viwavi. Waokote kwa mkono.

Alamanda: nzuri sana, ikiwa una maji

Ua lake la dhahabu hufikia upana wa sentimita 10 hadi 12, na mmea uliolishwa vizuri hauachi kuchanua. Hakuna kati ya mitatu unaopendeza kwa mbali kama huu. Ila ndio wenye masharti. Haupendi chokaa, haupendi munyu, haupendi kukosa maji hata siku mbili wakati wa kaskazi. Ukikosa maji hudondosha matumba kabla hayajafunguka, na hurudi kuchanua baada ya wiki kadhaa.

Mbolea ya NPK 17:17:17, kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa kwa chungu cha lita 40, kila wiki 4, ikinyunyizwa mbali na shina na kufuatiwa na maji mengi. Bogenvilia hupewa kiasi hichohicho kila wiki 8, na mwasumini nusu yake kila wiki 4. Usiitilie bogenvilia mbolea ya CAN. Kirutubishi chake kikuu ni naitrojeni, nayo hukuza majani.

Alamanda hushika maua kwenye vichipukizi vipya, kwa hiyo ikatwe kwa theluthi moja kabla ya masika. Vaa glavu. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi na kuumiza macho, na kila sehemu ya mmea ni sumu ikiliwa. Jina lake la kitaalamu, *Allamanda cathartica*, linatangaza jambo hilo: neno la pili maana yake ni chenye kuendesha tumbo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbuzi wanaoingia uani haifai kuwa na alamanda chini ya kimo cha mkono. Tunalisisitiza hili kwa sababu si wauzaji wote wanaolitaja.

Tahadhari mbili wakati wa kununua. Kuna alamanda ya kichaka, *Allamanda schottii*, yenye maua madogo na michirizi ya kahawia kooni. Ni mmea mzuri, lakini hautapanda kwenye nguzo yako. Na ile yenye maua ya zambarau huwa na mizizi hafifu, hivyo tafuta iliyobebeshwa kwenye shina la alamanda ya manjano.

Mwasumini: mmea wa wanaokaa nje baada ya magharibi

Kama baraza lako hukaliwa kuanzia jioni, rangi ya bogenvilia haikufai kitu: giza limeifunika. Asumini hufunguka jua likizama, nyeupe, na harufu yake hujaa baraza zima hadi alfajiri. Kwa mtu wa Mombasa haihitaji kutambulishwa. Ndiyo inayotungiwa vikuba pamoja na rehani na mkadi, ndiyo inayovaliwa kwenye nywele na kutandazwa kitandani kwa bibi harusi. Miche miwili iliyotunzwa hutoa maua ya kutosha kikuba cha nyumbani wakati wa wimbi, na huo ni ubora ambao mimea mingine miwili haina.

Chuma matumba kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri, yakiwa meupe kabisa na yamenenepa lakini hayajafunguka. Tumba lenye ukijani halitafunguka likishachumwa. Yafunge kwa kitambaa chenye unyevu, yafunguke yenyewe baada ya magharibi. Na kuchuma huku si kwa ajili ya kikuba peke yake: maua yaliyoachwa hugeuka kahawia na kung'ang'ania kikonyoni, yakazuia chipukizi linalofuata. Mwasumini usiochumwa huchanua kidogo.

Kuna wa tabaka moja la petali na wa tabaka nyingi, kama waridi dogo. Wa tabaka nyingi hukua taratibu, matawi yake ni magumu, na mvua ikiupata wakati wa kufunguka, tumba huoza likiwa limefungwa. Kwa kupandisha kwenye nguzo, chukua wa tabaka moja.

Kila wimbi likiisha, kata matawi kwa theluthi, punguza maji siku 10 hivi, kisha mwagilia vizuri na utie mbolea. Matumba mapya huonekana baada ya wiki 4 hadi 6. Ukiona tumba lina tundu dogo, au limevimba na kupiga zambarau, lina mdudu ndani. Lichume, ulifunge kwenye mfuko, ulitupe. Usiliache lidondoke chunguni, maana mdudu huingia udongoni na kutoka tena.

Mwasumini hufikia mita 2 hadi 3 tu. Mwenye nia ya kufunika paa zima la baraza hatafika naye.

Udongo: jihadhari na matumbawe

Mombasa imejengwa juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mimea yote mitatu hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Chokaa ikizidi, chuma kilichomo udongoni hufungika, mizizi isiweze kukinyonya, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Alamanda huonyesha dalili hii kwanza, mwasumini baadaye, bogenvilia mwisho.

Pima udongo kabla ya kuulipia: chukua kijiko kimoja kilichokauka, umiminie siki. Ukitoa povu, una chokaa, uache. Udongo mwekundu safi hautoi povu. Changanya sehemu 2 za udongo mwekundu, 1 ya mboji iliyoiva na 1 ya mchanga mkavu wa mto. Kwa bogenvilia ongeza mchanga uwe sehemu moja na nusu. Kwa alamanda ongeza mboji vivyo hivyo. Mchanga wa pwani usiutumie hata ukiuosha, kwa kuwa chumvi hutoka lakini vipande vya makombe vyenye chokaa hubaki. Kokoto za matumbawe chini ya chungu nazo ni kosa lilelile. Vunja vigae au matofali ya udongo uliochomwa.

Vumbi la makumbi ya nazi ni zuri kwa kushika unyevu, na hapa ni rahisi kulipata, ila huwa na chumvi, hasa makumbi yakiwa yamelowekwa kwenye maji ya bahari. Loweka kwenye maji matamu usiku kucha, kamua, rudia mara tatu. Kisha lisizidi robo ya mchanganyiko.

Ndoo ya rangi ya lita 20 hufaa kama chungu. Toboa matundu 6 chini, kila moja upana wa kidole. Usiweke kisahani cha maji chini yake. Mbu wa *Aedes* huzaana kwenye maji kama hayo na hukamilisha kukua kwa siku 7 hadi 10, nao ndio wanaoeneza dengi na chikungunya, ugonjwa ulioisumbua Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Kama huna budi kuweka kisahani kwa ajili ya sakafu, kimwage kila siku ya tatu. Na kumbuka uzito kabla ya kupandisha roshanini: chungu cha lita 40 chenye udongo uliolowa hukaribia kilo 60.

Maji ya munyu, na pa kupata matamu

Ukoko mweupe ndani ya birika ni chokaa. Ladha ya chumvi mdomoni ni munyu. Maji mengi ya visima yana vyote viwili. Chungu hakina pa kuvipeleka: maji huvukizwa, chumvi hubaki, na baada ya muda unaona unga mweupe juu ya udongo na ncha za majani zikiwa kahawia. Hata bogenvilia ina mpaka wake.

Tiba ni kuosha udongo. Mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, mimina maji matamu mara mbili ya ujazo wa chungu, polepole, yatoke chini. Chungu cha lita 20 kwa lita 40. Ni mengi, na ndiyo sababu tunasema alamanda si ya nyumba inayonunua maji kwa mtungi.

Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Mvua ya milimita 20 juu ya kipaa cha mita 10 za mraba ni lita 200, pipa zima. Chanzo kingine ambacho watu hukiachia kitiririke uchochoroni ni maji ya kiyoyozi. Kwa unyevunyevu wa hewa ya hapa, mashine moja inayofanya kazi usiku kucha hutoa lita kadhaa, na maji hayo hayana chokaa wala munyu. Weka dumu chini ya bomba lake. Mwasumini mmoja waweza kuishi kwa maji hayo tu.

Majani yakigeuka manjano, tazama ni yapi

Majani machanga, mishipa kijani: upungufu wa chuma kwa sababu ya chokaa. Salfeti ya chuma ikitiwa kwenye udongo wa chokaa hufungika upesi bila faida. Ulizia duka la pembejeo chuma cha EDDHA, kinachobaki wazi hata chokaa ikiwa nyingi. Kile cha EDTA huishiwa nguvu hapo.

Majani makongwe, manjano kati ya mishipa: upungufu wa magnesi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom kwa lita 4 za maji, mara moja kwa mwezi.

Majani makongwe ya manjano mazima huku udongo umelowa: maji yamezidi na mizizi inaoza. Ingiza kidole. Ukisikia harufu ya uvundo, ng'oa mmea, kata mizizi myeusi, panda kwenye udongo mkavu mpya na usimwagilie siku 3.

Utando mweupe kama pamba kwenye maungio ya matawi ni vidung'ata. Changanya vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji na kimoja cha mafuta ya mwarobaini kwa lita 1, nyunyiza chini ya majani jioni, rudia kila siku ya saba mara tatu. Lakini tazama pia sisimizi na majimoto. Hao huwalinda vidung'ata kwa ajili ya umajimaji wao mtamu, na ukiwaacha wataurudisha ugonjwa. Paka grisi miguu ya meza au nguzo wanayopandia.

Pa kupandia

Hakuna hata mmoja kati ya hii wenye kujipandisha kama mpesheni. Bogenvilia hujiegemeza kwa miiba, alamanda huegemea tu, mwasumini hujizungusha kwa udhaifu. Yote hufungwa, kila sentimita 30, kwa kamba laini iliyopigwa umbo la nane ili shina linenepe bila kukatwa. Bati na waya vya kawaida huliwa na hewa ya bahari haraka, na kutu hudondokea ukutani. Tumia kamba ya nailoni au waya uliovikwa plastiki, kwenye fito za mikoko zilizosimamishwa ndani ya chungu. Acha sentimita 8 kati ya mmea na ukuta hewa ipite. Kwenye kuta za kale za mawe na chokaa usitoboe kitu, kwa sababu plasta yake hubomoka vipande.

Kwa nyumba inayotazama bahari, kusi ndiyo ya kuhofia, tangu Aprili hadi Septemba: huja na mvuke wa chumvi unaochoma majani. Bogenvilia husimama mbele. Alamanda na mwasumini vikae nyuma ya ukuta au nyuma ya bogenvilia yenyewe, na baada ya upepo mkali vioshwe majani kwa maji matamu.

Mwenye kutaka kufunika kiegesho kikubwa cha gari au ukuta mzima na ana ardhi, si chungu, afikirie *Combretum indicum*, unaojulikana kwa jina la mji wa Rangoon. Maua hufunguka meupe jioni, hugeuka waridi, kisha mekundu kwa muda wa siku tatu hivi, na yana harufu. Chunguni hujisonga haraka, na ardhini hutoa machipukizi mbali na shina, kwa hiyo barazani tunauacha. *Thunbergia grandiflora* ya maua ya samawati hatumshauri mtu: hupanda juu ya kila kilicho karibu, na mizizi yake mikubwa ikishika ardhi ni vigumu kuing'oa.

Siku ya kununua

Nunua wiki za kwanza za masika au vuli, ili mche ushike mizizi kwa maji ya mvua. Bogenvilia nunua ikiwa imechanua, maana rangi ya kwenye maneno ya muuzaji na ya kwenye mche mara nyingine hazipatani. Mwasumini nunua ukiwa na matumba, si maua, na unuse jioni kama unaweza. Inua mfuko utazame chini: mizizi myeupe inayochungulia ni dalili njema, mizizi ya kahawia iliyojizungusha kama kamba ni mche uliokaa mno. Usiupande siku hiyohiyo. Uweke siku 7 barazani pale utakapokaa, mbali na mimea uliyonayo, na kila jioni geuza majani utazame chini yake. Vidung'ata wengi huingia nyumbani kwa njia hiyo.